Sifa za Mtu wa Mbele

Kabla mhandisi wa uwanja hajachora goli wala mnara wa taa, hupima kichwa cha mtu. Si kichwa cha mchezaji wala cha mgeni rasmi. Ni cha shabiki aliyekaa mstari wa mbele yako. Kila mstari wa viti huinuliwa kiasi cha kumwezesha aliye nyuma kupitisha jicho juu ya utosi wa aliye mbele na kuuona mstari wa pembeni wa uwanja. Kwa wataalamu, nafasi nzuri kati ya jicho na utosi huo ni sentimita 12. Zikipungua hadi 9 bado mambo yanakwenda, zikifika 6 shingo inaanza kufanya kazi. Mteremko wa jukwaa, zege, nondo, na mkopo wa kulipia zege na nondo, vyote vimefuata hesabu hiyo. Sijui binadamu mwingine wa kawaida aliyewahi kuheshimiwa hivyo. Marais hupewa jina la uwanja. Mtu wa mbele amepewa uwanja wenyewe.

Hesabu ile ina sharti moja tu: awe amekaa. Hapo ndipo elimu ya wahandisi inapokoma. Nimemfuata mtu huyu kwenye mpira, ngumi, riadha, raga, magari, punda na ng'ombe, na kiti chake nakijua vizuri sana, rangi na namba, kwa kuwa siku zote ni kitupu.

Nieleze kwanza kwamba mimi ni mwanamke mfupi. Silalamiki. Nalitaja hilo ili msomaji mrefu asijisumbue kujitetea. Humu ndani anasifiwa. Na wapo watakaosema kwamba hata mimi niko mbele ya mtu mwingine. Inawezekana. Huyo aliye nyuma yangu aandike makala yake.

Mtu wa mbele hawahi. Wewe umefika saa sita mchana kwa mechi ya saa kumi na moja, umekula foleni ya geti, N-Card imegoma mara mbili, umepata kiti, umekifuta kwa gazeti, umekaa, umeuona uwanja wote unang'aa kwa kijani. Unajisikia tajiri. Dakika mbili kabla ya filimbi anatokea, anaomba njia kwa adabu, na anasimama hapo. Ana kofia. Asipokuwa na kofia ana mtoto mabegani, na mtoto ana kofia. Ana bendera aliyopewa getini na hajui aiweke wapi isipokuwa hewani. Mkono mmoja umeshika vuvuzela, mwingine umeshika mkeka wake wa kubeti, na kila refa akipuliza faulo anaukagua mkeka kwanza, kisha uwanja, kisha mbingu. Ukimwambia, "Kaka, samahani, kaa chini kidogo," anageuka kwa upole wa kweli na kukujibu, "Dada, mpira hauangaliwi umekaa." Nimejaribu kulipinga jibu hili na sijaliweza. Watu wote ninaowajua wanaoangalia mpira wakiwa wamekaa wako kwao, sebuleni.

Ushahidi wangu mkubwa ni wa Oktoba 20, 2013, Simba na Yanga, Uwanja wa Taifa, huu ambao tangu 2020 unaitwa wa Benjamin Mkapa. Mimi ni mtu wa Tanga na timu yangu ni Coastal Union, kwa hiyo dabi hii ya Kariakoo naihudhuria kama harusi ya jirani: nakula, napiga vigelegele, sina deni na mtu. Nilikata tiketi ya mzunguko nikaangukia upande wa wekundu. Mbele yangu akasimama baba mmoja wa jezi ya Simba, mgongo mpana, mabega ya mtu aliyewahi kubeba magunia bandarini au aliyezaliwa hivyo tu.

Mrisho Ngassa akaifungia Yanga la kwanza. Baba akakaa. Hamis Kiiza akafunga la pili, baba akainama. Kiiza tena, la tatu, mapumziko hayajafika. Kichwa cha baba kikazama katikati ya magoti, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kulipa viingilio, nikauona uwanja mzima, nyasi zote, mpaka vibendera vya kona. Mpira ulikuwa mzuri. Sikuwa nimejua kwamba winga hukimbia hadi mwisho wa mstari. Siku zote nilikuwa nawaona wakiingia kwenye sikio la mtu na kutokea kwenye sikio la pili.

Kipindi cha pili wenye jezi nyekundu kadhaa walikuwa wamekwisha kuondoka, wanawahi daladala na aibu. Baba yangu hakuondoka. Betram Mombeki akafunga, baba akasimama. Sijakaa sawa, Joseph Owino, beki Mganda, akafunga la pili, na baba akapanda juu ya kiti. Dakika za mwishoni Gilbert Kaze, beki Mrundi, akasawazisha, na hapo sijui baba alipanda juu ya nini, maana niliona soli za viatu.

Kwa hiyo kwa macho yangu Yanga ilishinda mabao matatu kwa sifuri. Ningeitwa mahakamani ningeapa hivyo. Matatu ya Simba nayajua kwa njia nyingine. La kwanza lilinifikia kwa mabega: yalikakamaa kabla ya kelele, nusu sekunde hivi, yakapanda, ndipo uwanja ukalipuka. La pili lilinifikia kwa kiwiko, kikamwaga karanga zangu zote. La tatu aligeuka, akanishika mabega mawili, akanitikisa huku machozi yanamtoka, akapiga kelele, "Dada, umeona? Umeona?" Nikamwambia nimeona. Na kweli nilikuwa nimeona, kwa ukaribu mkubwa, kifungo cha pili cha jezi yake.

Sasa ninyi wenye televisheni. Najua mnachotaka kusema. Azam TV wanaonyesha bao hilohilo kutoka nyuma ya goli, kutoka juu, kutoka kwenye kiatu cha mfungaji, kwa mwendo wa kinyonga, mara nne, huku mmekunja miguu na chai mezani. Ni kweli. Na ndiyo maana nasema kuona si kazi ya uwanja tena; imeshapata mwenye kuifanya vizuri zaidi. Wazee wa enzi za Radio Tanzania walilijua hilo zamani: walikuja uwanjani na redio sikioni, wakimsikiliza mtangazaji akiwasimulia mchezo uliokuwa mbele ya pua zao, na hakuna aliyewaita wajinga. Walichofuata uwanjani ni kile ambacho redio haikuwa nacho, yaani jirani. Mtu wa mbele ni redio yenye mabega. Mabega yake hayachelewi, hayakatiki kwa umeme na hayana matangazo ya biashara katikati.

Siku hizi ameongeza hata picha. Ananyanyua simu juu ya kichwa, anarekodi mechi yote, na mimi naitazama kwenye kioo chake. Wachezaji wanakuwa na ukubwa wa punje ya mchele, lakini nawaona. Tatizo ni kwamba katika hatari ya kweli mkono wake hutetemeka, na kila nilipoitazama penalti kwa njia hii, golikipa alikuwa pande zote mbili. Halafu ujumbe unaingia. Nimeshasoma habari za mchango wa harusi, za kodi ya nyumba na za mtu aitwaye "Fundi Bomba Usipokee", yote wakati wa kona. Televisheni gani itakupa hayo?

Wakati Brazil ilipokuja Dar es Salaam kujinoa kwa Kombe la Dunia, Juni 7, 2010, ikaifunga Taifa Stars 5-1, nilikuwepo. Wenzangu husimulia mabao mawili ya Robinho, mawili ya Ramires na moja la Kaká. Mimi naweza kukusimulia koti la kaki lenye mshono uliofumuka begani kushoto, na hadithi yangu huwa haina ushindani.

Kwenye ngumi ndipo sifa za mtu wa mbele zinapopata urefu. Ukumbi wa ngumi hauna mteremko. Una sakafu tambarare, ulingo katikati na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa imani. Mtu wa mbele husimama raundi ya kwanza. Raundi ya pili anapanda juu ya kiti. Wewe nawe unapanda chako, na wa nyuma yako naye, mpaka ukumbi mzima uko juu ya viti na kila mtu anaona kilekile alichokuwa anaona alipokaa, ila sasa kwa hatari ya kuvunjika mguu. Usiku mmoja kiti cha mtu wangu kilikatika mguu sekunde ileile ambayo bondia mmoja, kule ulingoni, alipokea ngumi ya kidevu. Walianguka pamoja. Refa akaanza kuhesabu, na kwa pale nilipokuwa nilikuwa namwona mmoja tu kati ya walioanguka. Mtu wangu aliinuka kwenye nane. Bondia, nilivyoambiwa, hakuinuka.

Nairobi nilimkuta akiongea Sheng, ila mgongo ulikuwa uleule. Ilikuwa Mei 2022, mashindano ya Kip Keino Classic pale Kasarani, na watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya mita 100, mwenyeji Ferdinand Omanyala dhidi ya Mmarekani Fred Kerley. Riadha ina ukatili wake: mpira unakupa dakika tisini za kumvumilia mtu wa mbele, lakini mita 100 hazikupi hata muda wa kumgusa bega. Bastola ililia. Jamaa akasimama, akavuta suruali, akamuuliza mwenzake Omanyala yuko leni gani, mwenzake akaonyesha kwa kidole, akashukuru, akakaa. Omanyala alikuwa ameshashinda kwa sekunde 9.85, Kerley 9.92. Ukitaka kujua sekunde 9.85 ni muda gani hasa, uliza sisi tuliozipima kwa suruali. Jamaa akageuka na uso uliojaa nuru. "Maze, umeona hiyo?"

Nikamwambia nimeona.

Raga ya wachezaji saba ni jambo jingine kabisa. Safari Sevens imekuwepo tangu 1996, na mechi yake ni dakika saba, mapumziko ya kufumba na kufumbua, dakika saba nyingine, basi. Trai inapigwa wakati unatafuta chenji. Mtu wa mbele wa Nairobi ameshalielewa hili, ndiyo maana ameacha kabisa kuangalia uwanja. Amevaa miwani ya plastiki yenye ukubwa wa sahani, anacheza muziki, na amegeuka kuelekea nyuma, kwangu. Huo ndio mchezo pekee ambao nimewahi kumwona uso mwanzo hadi mwisho. Ni mtu mzuri. Nyuma yake timu mbili zilikuwa zinafukuzana na nilitamani kujua ni zipi, lakini ingekuwa utovu wa adabu kuchungulia pembeni ya mtu anayekutabasamia.

Kisha kuna Naivasha. Mbio za magari za Safari zilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na zama hizo shabiki hakukata tiketi: gari lilimfuata mlangoni, likamgongea kuku, likaenda zake. Baada ya 2002 zilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia, zikarudi 2021, safari hii Bonde la Ufa, kuzunguka Ziwa Naivasha. Nilipokwenda nilijichagulia kilima kisicho na mtu. Nilijiona mjanja. Helikopta ikasikika kwanza, maana helikopta ndiyo inayotangulia habari ya gari, watu wa bondeni wakapiga mluzi, nikakaza macho. Gari likapita. Najua lilipita kwa sababu mtu wa mbele alisimama mara moja, mwekundu-kahawia, mrefu kuliko mti wa mgunga, na hakukaa tena mpaka gari lililofuata lilipomletea ndugu yake. Vumbi la kule linaitwa fesh-fesh, laini kama halijasagwa na mikono ya dunia hii. Linaingia hata kwenye mkate uliofungwa. Nilifarijika kujua kwamba madereva wenyewe huachiwa dakika kadhaa kati ya gari na gari, kwa sababu anayefuata karibu mno hula vumbi la aliyetangulia na haoni kona. Sébastien Ogier alishinda mwaka ule wa 2021. Lakini hata yeye, angewekwa nyuma ya gari jingine kwenye vumbi lile, angeona sawasawa na nilichoona mimi, na yeye hakulipa kiingilio.

Lamu nitaipitia haraka, kwa kuwa pale mtu wa mbele alikuwa punda. Wakati wa tamasha vijana hushindana mbio za punda kando ya bahari, wamepanda bila tandiko, na njia ya ufukweni ni nyembamba kiasi kwamba watazamaji, washindani na wapita njia wote ni kitu kimoja. Punda aliyesimama mbele yangu hakuwa akishindana. Alikuwa na shehena ya mchanga na mawazo yake. Nilimwomba mwenye punda amsogeze. "Subiri, mwanangu," akanijibu mzee yule, "huyu hasukumwi, huombwa." Tukamwomba. Alisogea siku mashindano yalipokwisha.

Yote hayo yalikuwa mafunzo ya kunipeleka Pemba.

Mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao wengi wanausimulia kuwa ni masalio ya Wareno, hauna jukwaa, hauna mstari wa pembeni, na mhandisi wa sentimita 12 hajaalikwa. Kuna uwanda, kuna ngoma na zumari, kina mama wanaimba, na kuna fahali mwenye kamba ambaye vijana humchokoza kwa kitambaa, wakimkwepa kwa madaha. Fahali hauawi, akichoka hurudi kwao, na mwaka ujao huenda akachokozwa tena, akiwa na kumbukumbu. Watu wenye busara wako juu ya miti. Mimi, mgeni, nilifika nikafanya kile ambacho miaka yote ya viwanja ilikuwa imenifundisha kukichukia: nilitafuta mtu wa kusimama nyuma yake. Nilimpata mzee mmoja mrefu, kanzu nyeupe, kofia ya viua, mgongo ulionyooka. Nikajibanza. Kwa mara ya kwanza sikuchungulia kushoto wala kulia. Nilimtaka awe mpana zaidi.

Mzee akawa ananisimulia bila kugeuka. Huyu ng'ombe ni mkali. Yule kijana ni mjukuu wa fulani. Sasa anamwita. Sasa ng'ombe anakataa. Sasa... Mabega yakakakamaa. Nayajua mabega hayo. Nimeyasoma kwa miaka, na yanapokakamaa namna ile huwa ni bao. Nikajiandaa kushangilia.

Mzee hakuwepo tena. Sikumwona akiondoka. Kanzu ilikuwa mbele yangu, kisha kanzu ilikuwa juu ya mwembe, na kati yangu na mchezo hakukuwa na kofia, wala bendera, wala simu, wala mtoto mabegani. Nimelipa viingilio vya kila rangi ya kiti na hakuna aliyewahi kunipa mwonekano kama ule. Nilimwona fahali mzima, kuanzia kwato. Niliona pembe zote mbili kwa pamoja, jambo linalowezekana tu ukiwa umesimama mahali fulani mahususi. Niliona mpaka jasho la puani. Mhandisi yeyote angejivunia. Kisha wale wa kwenye kamba wakavuta kwa pamoja, fahali akageuka na kwenda kuwasalimu watu wengine, na kutoka juu ya mwembe sauti ya mzee ikashuka kwa utulivu mkubwa: "Umeona, mwanangu?"

Sasa tunasubiri AFCON ambayo Tanzania, Kenya na Uganda tumepewa kuiandaa pamoja mwaka 2027. Arusha wanajenga uwanja wa watu wapatao 30,000, Nairobi wanajenga wa Talanta wa watu 60,000, na kwenye michoro ya kompyuta watu wote wamekaa, wembamba, hawana kofia, kila mmoja na sentimita zake. Nimeichungulia michoro hiyo nikaingiwa na wasiwasi. Tiketi zikianza kuuzwa sitauliza bei wala jukwaa. Nitauliza kiti cha mbele yangu amenunua nani, ana urefu gani, na kama kuna mti karibu.